Kitovu cha mnyama: maswali ambayo wafugaji wa Tabora hawachoki kuniuliza

Mvua za Novemba zikishika, simu yangu huanza kuita kabla jogoo hajawika. Mimi ni bwana mifugo katika kata moja ya Tabora, na simu nyingi za msimu huo huanza hivi: "Bwana mifugo, habari za asubuhi, ndama kazaliwa salama ila kitovu chake..." Halafu mtandao unakata. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia, pamoja na ya watoto wa shule wanaonifuata mnadani, ambayo mara nyingi ndiyo magumu zaidi.

## Mambo ya msingi

Ng'ombe ana kitovu kweli? Mbona sijawahi kukiona?

Anacho. Kila mnyama aliyelelewa tumboni kwa kondo la nyuma ana kitovu: ng'ombe, mbuzi, punda, panya, popo, kiboko, hata nyangumi. Kitovu ni kovu, alama ya mahali ile kamba ya kumlisha mtoto ilipoingilia. Chetu kinaonekana kwa sababu hatuna manyoya tumboni na kovu lenyewe limebonyea au limechomoza. Cha mnyama huwa bapa, na manyoya yamekifunika.

Ukitaka kukipata kwa ng'ombe, pitisha kiganja katikati ya tumbo, kutoka kifuani kwenda nyuma. Mkono utagusa mkunjo wa ngozi. Ng'ombe wetu wa asili wenye nundu wana ngozi nyingi mahali hapo, inaning'inia kabisa. Kwa dume uangalie vizuri, maana ala ya uume imeanzia nyuma kidogo tu ya kitovu. Hilo utalihitaji ukifika kwenye swali la kitovu kinachovuja.

Na mbwa je?

Mlaze chali. Pale mbavu zinapoishia, katikati ya tumbo, utaona kialama kidogo kisicho na manyoya, au manyoya yamezunguka mahali pamoja. Kijana mmoja alikuja kwangu analalamika kuwa mbwa wake ana kupe asiyeng'oka. Alikuwa anavuta kitovu.

Kitovu, kiungamwana na kondo ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa kwenye mazungumzo tunaita vyote "kitovu" na tunaelewana. Kiungamwana ni ile kamba yenyewe. Kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio, ni lile pande la nyama na ngozi linaloshikamana na mfuko wa uzazi wa mama, na upande wa pili wa kamba umefungwa hapo. Kitovu ni kinachobaki kwa mtoto. Kwenye ukurasa huu nitajitahidi kutenganisha, ila nikizungumzia ndama wa siku mbili nitasema "kitovu" kwa kile kipande kinachoning'inia, kama tunavyosema sote.

Ndani ya hiyo kamba kuna nini?

Kuna mirija. Kwa binadamu kwa kawaida ni mitatu: vena moja inayoleta damu yenye chakula na hewa kutoka kwenye kondo, na ateri mbili zinazorudisha damu iliyotumika. Kwa ndama kuna vena mbili, ambazo zikiingia tumboni huungana kuwa moja, ateri mbili, na mrija wa tano wa mkojo. Ndama hukojoa kabla hajazaliwa, na mkojo huo hupita kwenye mrija huo kwenda kwenye mfuko wake nje ya mwili. Sehemu ya maji unayoyaona chupa ikipasuka ni mkojo wa ndama.

Sasa sikiliza mirija hiyo inaelekea wapi. Vena inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Ateri zinapita ubavuni mwa kibofu. Mrija wa mkojo unaingia ndani ya kibofu. Mtoto akishazaliwa yote hunywea na kufunga, na baadaye hubaki kama nyuzi ndani ya tumbo. Lakini haifungi dakika ileile. Kwa saa kadhaa za mwanzo ndama aliyelala kwenye tope la zizi ana barabara iliyo wazi kutoka kwenye kinyesi hadi kwenye ini lake. Karibu kila jibu la hapa chini linatokana na sentensi hiyo.

## Saa ya kuzaa

Nikate au niache?

Kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na nguruwe, acha. Kamba hukatika yenyewe ndama anapodondoka au mama anaposimama, na kukatika kwa kuvutika ni bora kuliko wembe. Mishipa ikivutika hujikunja, hujibana na kurudi ndani, damu ikakoma. Wembe huacha mdomo wazi, kama bomba lililokatwa. Kwa punda usiwe na haraka kabisa: mama akilala kidogo baada ya kuzaa mwache alale, kamba itakatika akinyanyuka, karibu na tumbo la mtoto.

Nguruwe ana kamba ndefu kwa umbo lake; utaona kitoto kinatambaa kwenda kwenye chuchu kikiikokota. Mbwa na paka hukata kwa meno yao. Jike wa uzazi wa kwanza wakati mwingine hupumbaa, hajui la kufanya. Hapo wewe chana kwanza ile ngozi iliyomfunika mtoto puani, kisha funga kamba kwa uzi safi, vidole viwili kutoka tumboni, ukate mbele ya fundo.

Nimekata, na damu haiachi. Nifanye nini?

Bana kwa vidole viwili, dakika tatu bila kuachia kuchungulia. Ikikataa, funga uzi safi uliochovywa kwenye spiriti au iodini, vidole viwili hadi vitatu kutoka kwenye ngozi ya tumbo. Usifunge juu ya ngozi yenyewe.

Nilipokuwa kijana, kabla sijasomea kazi hii, nilimkatia mtoto wa mbuzi wa mama yangu kwa wembe mpya, nikakata karibu kabisa na tumbo ili "ipendeze". Hapakubaki hata pa kufungia uzi. Mama alibana kwa kidole gumba na cha shahada, ameketi chini huku kanga imeloa, mpaka chai ikapoa jikoni. Mtoto alipona. Mimi sikupewa chai.

Ndama anatanguliza miguu ya nyuma. Kuna haraka?

Ipo, na sababu yake ni kiungamwana. Nyonga za ndama zikishapita, kamba hubanwa kwenye mfupa wa mama wakati kichwa bado kiko ndani. Hewa ya mama imekatika, yeye anajaribu kupumua, anavuta maji. Kwa hiyo mwanzo wa kazi ni taratibu, umpe mama muda wa kufunguka, lakini nyonga zikitoka msisimame kupumzika. Mvuteni mfululizo mpaka kichwa kitoke.

Kujua ni miguu ipi: kunja viungo viwili vya kwanza kuanzia kwatoni. Vikikunja kuelekea upande mmoja, ni miguu ya mbele. Kimoja kikienda huku na kingine kule, ni ya nyuma. Mkiona mkia tu bila miguu, msivute, piga simu.

Kondo limening'inia tangu jana. Nilifungie jiwe?

Hapana. Najua jirani anafanya hivyo, na najua ng'ombe wake mmoja alipona. Kondo la ng'ombe limeshikamana na mfuko wa uzazi kwa vifungo vya nyama vingi, kati ya 70 na 120, na kila kimoja lazima kiachie chenyewe. Jiwe linachana vifungo, au linauvuta mfuko nje.

Kwa kawaida kondo hutoka ndani ya saa 12. Ukifika saa 24 bila kutoka, hapo linahesabiwa limekwama, tuite. Punda ni habari nyingine: kwake hata saa 3 ni nyingi, na hatari huja upesi.

Ng'ombe amekula kondo lake. Atadhurika?

Mara nyingi hapana. Huko walikotoka, damu na harufu ya uzazi viliita fisi, kwa hiyo kula ushahidi kulikuwa na faida. Ila wapo waliokabwa nalo kooni, maana ni refu na linateleza. Likidondoka, liondoe.

Niliondoe kwa mikono?

Kwa glovu. Mifuko ya plastiki tuliyokuwa tunavaa mkononi imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na glovu zipo kwenye duka la dawa za mifugo. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, hutoa vimelea wengi kupitia kondo na maji ya uzazi, hasa mimba ikitoka baada ya mwezi wa tano. Mtu akiambukizwa hupata homa za vipindi, jasho la usiku na maumivu ya viungo ambayo watu huyatibu kama malaria miezi na miezi. Mjamzito asiguse kabisa.

Chimba shimo la kufika gotini, zika, weka miiba juu. Mbwa wa kijiji wanajua kuchimba.

## Wiki ya kwanza

Nipake nini kwenye kitovu cha ndama?

Iodini ya spiriti, ile kali ya asilimia 7. Mimina kwenye kikombe kidogo au kifuniko kirefu, sogeza kikombe chini ya tumbo, kitovu kizame chote mpaka ngozi iguse dawa, hesabu hadi ishirini. Kuchovya ni bora kuliko kupuliza, kwa sababu dawa inapanda ndani ya nyuzi za kamba. Fanya ndani ya nusu saa ya kuzaliwa, rudia baada ya saa 12. Dawa iliyobaki kwenye kikombe imwage. Ukiirudisha kwenye chupa umeichafua chupa nzima.

Wenye ng'ombe wa maziwa huniuliza kama dawa ya kuchovya chuchu inafaa, kwa kuwa nayo ina iodini. Haifai. Iodini yake ni hafifu, na imechanganywa na mafuta ya kulainisha ngozi. Chuchu tunataka ilainike; kitovu tunataka kikauke. Usipopata iodini, klorheksidini iliyochanganywa na spiriti inafaa. Dawa ya zambarau, GV, ni nafuu kuliko kukosa kabisa, ila rangi yake inaficha wekundu, na wekundu ndio unaotakiwa kuuona.

Vitu nilivyovikuta kwenye vitovu katika mkoa huu: majivu, masizi ya chungu, oili chafu ya pikipiki, ugoro, na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Ugoro nauelewa, hapa tunalima tumbaku, na mtu hutibu kwa kilicho karibu. Lakini majivu na kinyesi vinaweza kubeba vimelea wa pepopunda, na wana-mbuzi na wana-kondoo hufa kwa pepopunda iliyoingilia kitovuni, miguu imekakamaa kama ya meza. Afadhali kitovu kisichopakwa kitu kwenye majani makavu kuliko kilichopakwa majivu.

Na hayo majani makavu ni nusu ya dawa. Ng'ombe akionyesha dalili za kuzaa mtoe kwenye zizi la tope, mpeleke penye nyasi safi au chini ya mwembe palipoinuka. Dawa haishindani na tope.

Kinadondoka baada ya siku ngapi?

Ndama, kati ya wiki moja na mbili au zaidi kidogo. Wana-mbuzi, karibu wiki. Watoto wa mbwa, siku mbili hadi tano. Kabla ya hapo kinatakiwa kinyauke, kiwe cheusi na chembamba. Usikichezee wala kukivuta, hata kikiwa kimeshikiliwa na uzi mmoja.

Nitajuaje kimeoza?

Kwa vidole, si kwa macho. Siku ya tatu, ndama akiwa amesimama, shika pale kamba inapoingia tumboni kwa kidole gumba na cha shahada. Kizuri ni kikavu, unene wa penseli, na ndama haonyeshi kujali. Kibaya ni kinene kama kidole gumba au zaidi, kina joto, kinalowa, kinanuka, na ukikibana ndama anapinda mgongo au kurusha teke. Ukiona usaha umechelewa siku mbili.

Anahitaji sindano ya antibayotiki kwa siku zisizopungua tano, kwa kipimo cha uzito wake. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni sindano moja, uvimbe ukapungua, mfugaji akaacha. Wiki tatu baadaye ndama ana jipu ndani.

Kitovu kimepona, lakini magoti yamevimba. Vinahusiana?

Sana. Mzee mmoja wa Nzega aliniita kwa ndama wa siku kumi na mbili. Alikuwa amesimama kapinda mgongo, mguu mmoja wa mbele haukanyagi, magoti yote mawili yamevimba kama machungwa. "Bwana mifugo, huyu amekanyagwa na mama yake," akasema. Nikainama nikashika kitovu. Kwa nje kilikuwa kimefunga vizuri, lakini ndani nilisikia kitu kigumu mfano wa gunzi la hindi kikielekea mbele, upande wa ini.

"Mzee wangu, mama yake hana kosa," nikamwambia.

Vimelea huingia kitovuni, hupanda kwenye damu na kukaa kwenye viungo, kwa sababu hapo damu huzunguka polepole. Tulimchoma sindano siku kumi. Alipona akabaki na goti moja gumu, na mzee alimuuza mapema. Ndama mwenye viungo vilivyovimba mtazame kitovu kwanza, hata kama kinaonekana kizuri.

Nilipaka iodini na bado ameugua. Kwa nini?

Uliza kama alipata dang'a, na saa ngapi. Mtoto wa binadamu huzaliwa na sehemu ya kinga ya mama yake, iliyopita kwenye kondo. Kondo la ng'ombe halipitishi kinga hiyo. Ndama huzaliwa hana askari hata mmoja wa kuazima, na wote wanakuja kwenye yale maziwa ya kwanza mazito ya njano. Utumbo wake unaweza kuwapokea saa za mwanzo tu. Ikitimia siku moja mlango umefungwa, dang'a inakuwa chakula cha kawaida.

Ndama wetu wa asili wa kilo 20 anahitaji lita 2 ndani ya saa 6. Hesabu ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwenye boma fulani dang'a hukamuliwa ikapikwa kwa ajili ya wazee, ni tamu kweli, nami nimeila. Mpe ndama kwanza.

Kuna funza kwenye kitovu!

Nzi wanapenda kitovu kibichi. Mwangushe ndama, toa funza wote kwa kibano, hata waliojificha mfukoni mwa jeraha. Wakikataa kutoka, weka dawa ya funza ya kupuliza na usubiri wapande juu. Safisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, paka iodini, angalia kila siku. Kisha soma swali la kitovu kilichooza, maana mara nyingi vimefuatana.

Kitovu kinavuja maji. Ni nini?

Inawezekana ni mkojo. Ule mrija wa tano umekataa kufunga, na kila ndama anapokojoa matone yanatokea kitovuni. Huonekana zaidi kwa farasi na punda. Kwa jike hakuna utata: mkojo unatakiwa utoke nyuma, kwa hiyo tumbo lililolowa ni dalili. Kwa dume ndipo watu hukosea, kwa sababu tundu lake la mkojo liko jirani na kitovu. Mkaushe vizuri, kaa pembeni, mwangalie akikojoa. Utaona maji yanatoka tundu gani. Kitovu kikivuja kwa zaidi ya siku moja, tuite, wakati mwingine hufungwa kwa upasuaji.

Kuna kifuko laini kitovuni, nikikibonyeza kinarudi ndani.

Hiyo ni ngiri ya kitovu. Ukuta wa tumbo haujafunga, na utumbo au mafuta yanachungulia. Bonyeza taratibu ndama akiwa chali. Ukisikia pete ya tundu kwa ncha za vidole, pima. Tundu la kidole kimoja au viwili mara nyingi hufunga lenyewe ndama anapokua. Kubwa kuliko hapo linahitaji upasuaji.

Kifuko ambacho hakirudi, kina joto na kinauma ni jambo la siku hiyohiyo: au ni jipu, au utumbo umebanwa. Na tafadhali usikitumbue. Mtu aliyedhani anatumbua jipu akakuta utumbo mkononi hatasahau, na ndama hatakumbuka chochote.

Ngiri hurithiwa. Dume mzuri wa chotara mwenye ngiri bado ni dume mwenye ngiri. Mhasi.

## Wanaotaga mayai

Kuku ana kitovu?

Anacho, kwa siku chache. Ndani ya yai hakuna mama wa kumlisha, kuna kiini. Mishipa inatoka tumboni mwa kifaranga kwenda kuzunguka kiini. Ukimulika yai kwa tochi gizani siku ya saba utaiona, myekundu kama mizizi. Siku ya 19 au ya 20, kabla hajavunja ganda, kifaranga hukivuta kiini kilichobaki ndani ya tumbo lake na ngozi hujifunga. Hapo ndipo kitovu chake. Kiini hicho humlisha siku mbili au tatu, ndiyo sababu vifaranga wa siku moja husafirishwa kwa basi hadi Kigoma ndani ya boksi bila chakula na wanafika wanapiga kelele.

Vifaranga wa mashine yangu wana kitovu cheusi na tumbo limelowa.

Kifundo kidogo cheusi kilichokauka mara nyingi kinasema joto lilikuwa kali. Mashine inatakiwa ikae nyuzi 37.5. Tumbo lililovimba, lililolowa na kunuka ni kitovu ambacho hakikufunga na kiini kimeoza ndani. Sababu ni mayai yenye kinyesi, trei zisizosafishwa, au unyevu mwingi siku zote 21. Waliokwisha kuoza hawaponi. Watoe ili wasiambukize wenzao. Usioshe mayai machafu ukayaingiza. Yaliyochafuka kaangeni.

Nyoka na mamba je?

Nao wana alama. Mamba anapoanguliwa ana mfereji mdogo tumboni, mahali kiini kilipoingilia. Kifutu hatagi, anazaa watoto hai kwa makumi, nao huzaliwa na kovu dogo kwenye magamba ya tumbo, linalofifia kadiri wanavyojivua magamba. Sishauri kwenda kuhakikisha.

Samaki wa Ziwa Tanganyika?

Hawana kovu la kudumu. Kisamaki huzaliwa na kifuko cha kiini tumboni, kikimalizika ngozi inakuwa kama haikuwahi kuwa na kitu. Lakini wale samaki wadogo wa rangi wa kwenye miamba ya Kigoma, wanaosafirishwa nje kwa ajili ya mapambo, wamefika karibu na ujauzito: jike hutaga mayai machache makubwa, huyaokota mdomoni, na watoto hukaa humo karibu mwezi mzima wakila kiini chao. Mimba ya mdomoni, bila kamba. Baharini wapo papa wenye kiungamwana kamili, na watoto wao huzaliwa na kovu kifuani, kati ya mapezi.

## Porini

Sokwe wa Gombe wanakatia nini?

Hawakati kwa zana, ingawa wanajua kutumia zana. Hilo liligunduliwa hukohuko Gombe mwaka 1960, sokwe akivua mchwa kwa kijiti. Mama hujitenga kuzaa. Wapo wanaokula kondo, na wapo walioonekana wamembeba mtoto huku kondo bado linaning'inia kwenye kamba, mpaka ikauke na kukatika yenyewe. Kujitenga kuna sababu. Mwezi Desemba 2014 kule Mahale watafiti walimwona jike akizaa mbele ya kundi, na dume akamnyakua mtoto papo hapo, akaenda kumla.

Twiga anazaa amesimama. Kamba haimdhuru mtoto?

Mtoto anaporomoka karibu mita mbili, na mporomoko huo ndio unaokata kamba. Ni kanuni ileile ya ng'ombe, urefu tu umezidi.

Ni kweli fisi huzaa kwa shida kwa sababu ya kitovu?

Hapa watu hutarajia niseme ni hadithi ya wachawi. Ni kweli. Fisi madoa jike huzaa kupitia kiungo kinachofanana na uume, na njia ya uzazi inapinda na ni ndefu kuliko kiungamwana chenyewe. Kwa hiyo kamba inakatika au kondo linabanduka mtoto akiwa bado njiani, na asipotoka upesi hukosa hewa. Uzazi wa kwanza, kabla njia haijachanika, ndio unaoua watoto wengi.

## Maswali ya pembeni

Ng'ombe kazaa pacha, dume na jike. Naambiwa jike ni tasa. Ni imani?

Si imani. Makondo ya pacha wa ng'ombe huungana mapema, damu ikachanganyika, na vichocheo vya dume huharibu uzazi wa jike ukiwa bado unaumbika. Zaidi ya asilimia 90 ya majike hao hawashiki mimba maisha yao yote. Mnenepeshe umuuze nyama, usimsubiri miaka mitatu ukimbadilishia madume. Pacha wa jike na jike hawana tatizo. Kwa mbuzi hali hii ni adimu sana, kwa hiyo waache pacha zako wa mbuzi wazae.

Yupo mnyama wa maziwa asiye na kitovu?

Kangaruu wa Australia huzaliwa akiwa mdogo kama haragwe baada ya mimba ya mwezi mmoja hivi, kamba yake ni nyembamba na ya muda mfupi, na kovu halibaki la kuonekana. Hukohuko wapo wanyama wawili wa ajabu zaidi wanaotaga mayai na bado wananyonyesha. Hapa kwetu, hapana. Hata kakakuona anacho.

Mwanafunzi wa darasa la sita: Je, dinosauri walikuwa na kitovu?

Walitaga mayai, kwa hiyo walikuwa nacho kwa mtindo wa kifaranga na mamba. Mwaka 2022 wanasayansi walitangaza kuwa wameliona kovu hilo kwenye kisukuku kutoka China, kilichopo Frankfurt, Ujerumani. Ni dinosauri mdogo mwenye mdomo kama wa kasuku, ambaye ngozi yake ilihifadhiwa pamoja na magamba ya tumbo. Mstari wenyewe ni mwembamba, na walihitaji mwanga wa leza kuuona. Yeye alikuwa amekua na bado analo.

Mwanafunzi akauliza tena, wa kwetu je? Wale wakubwa wa Tendaguru, Lindi, waliochimbwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1909 na kupelekwa Berlin, walitoka mifupa bila ngozi. Kovu la kitovu hukaa kwenye ngozi.